Kiulize Chuma Kilikotoka

(Haya niliyasema mbele ya vijana waliohitimu ufundi wa kuchomelea, hapa Babati. Waliokosa kufika wameniomba, nami nayaweka yote kama yalivyotoka mdomoni. Vicheko mtavijaza wenyewe.)

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka Katesh, Dareda, Magugu na kwingineko, na ninyi wahitimu wenye siku yenu: habari za mchana.

Nimepewa dakika ishirini. Mwalimu wenu ameniomba pia nisiwatishe. Hizo dakika nitajitahidi. Hilo la kutisha, mwalimu, siahidi.

Nilipoingia mmeona nimebeba kitu ndani ya gunia. Mama mmoja pale mlangoni ameniuliza, "Baba, hiyo ni ngoma?" Si ngoma, mama, ingawa ukiipiga inalia kuliko kengele ya kanisa. Ngoja niitoe. Haya, hii ni nini? Sauti juu! "Karai." Ndiyo. Nani mwingine? "Diski ya plau." Ndiyo. Mmoja wenu ni mpishi na mwingine ni mtoto wa mkulima, na wote mmepata: ni ile sahani ya chuma inayopindua udongo nyuma ya trekta, na ikichakaa mimi naigeuza karai ya kupikia.

Ilipotoka dukani ilikuwa inchi 26 kutoka ukingo hadi ukingo. Jana usiku nimeipima, ina 22 na ushei. Hizo inchi nyingine zimekwenda wapi? Zimeliwa na udongo. Pitisha kidole ndani hapa, taratibu, maana ukingo bado unakata. Umeona inavyong'aa? Hakuna fundi aliyeipiga msasa hii. Ni udongo, masika baada ya masika, umeisugua mpaka unaweza kujitazama ukachana nywele. Mwenye trekta akaiona imekwisha, akaitupa nyuma ya banda, na kuku wakawa wanataga chini yake. Nimeinunua kwa kilo, bei ya chakavu.

Na pale nje mnaona moshi. Kuna dada yake hii diski, amekaa juu ya moto tangu saa nne. Huyo tutakutana naye baadaye.

Nianze na bibi yangu.

Bibi alikuwa na jembe la mkono lililokwisha likabaki kama kiganja. Mpini ulishatoka zamani. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, bibi hakutafuta sufuria. Aliliweka lile jembe juu ya mafiga, akawamwaga kumbikumbi na chumvi kidogo, akawa anawageuza kwa kijiti. Mafuta waliyatoa wenyewe. Sisi wajukuu tumezunguka kama vifaranga. Siku moja mjomba akaja na kipande cha chuma alichokiokota barabarani, kipana, kizuri, kina rangi ya kijani. "Mama, hiki kitakufaa zaidi." Bibi akakigeuza. Akakinusa. Akamrudishia. "Hili jembe nalijua, nimelima nalo mwenyewe. Hicho umekitoa wapi?"

Mjomba hakuwa na jibu. Kile chuma kikaishia kuzibia tundu la uzio.

Vijana wangu, mmefundishwa kukata, mmefundishwa kunyoosha, mmefundishwa kuunga. Swali la bibi sijui kama mmefundishwa. Kabla hujakikata, kiulize chuma kilikotoka. Kabla hujakichomea, kiulize. Na kama kitagusa chakula cha mtu, kiulize mara mbili.

Wangapi hapa mmepita Kongwa? Wengi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale kulima karanga. Vita vilikuwa vimekwisha, kwao mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgao, wakaitazama ramani ya Tanganyika wakaona pori tupu. Sasa, kulima pori lile kulihitaji matrekta, na matrekta duniani yalikuwa haba. Wakafanyaje? Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, vifaru vya vita, ikavigeuza matrekta. Wakayaita Shervick: Sherman kichwani, Vickers mkiani. Fikirini hilo. Chuma kilichoundwa kubeba mzinga, sasa kinatumwa kung'oa mibuyu na kulima karanga Dodoma!

Je, udongo wa Kongwa uliogopa kifaru? Wapi! Udongo ule kiangazi unakuwa saruji, na ndani yake una chembe kali kama msasa. Majembe ya plau yaliisha kama sabuni. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakubali kwamba mradi umekufa, na pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji. Msomi atawaambia ni habari ya mipango mibovu, na ni kweli. Mimi fundi naona kingine. Naona chuma kilichobadilishwa kazi bila mtu kuuliza kinakwenda kukutana na nini.

Lakini kwa nini niende mbali mpaka Kongwa? Wazazi wa Hanang, ninyi mnajua. Mashamba ya ngano: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda. Kuanzia miaka ya 70 NAFCO, lililokuwa shirika la serikali la kilimo na chakula, na Wakanada walilima pale kwa mitambo, mashamba ambayo ukisimama ndani mwisho wake huuoni. Kuna watu walipata ajira, walijifunza gereji, na ufundi mwingi wa mkoa huu una asili yake pale. Na kuna watu walipoteza. Malisho ya Wabarbaig yaligeuka ngano, makaburi ya wazee wao yakapitiwa na plau, na mambo yakafika mahakamani.

Nilidhani nayajua hayo yote mpaka siku moja nilipoalika wazee kula mbuzi nyumbani, nimempika kwenye diski. Mzee mmoja wa Kibarbaig akaja, akakaa, akaitazama ile karai kwa muda. Hakuchukua kipande. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ililima shamba gani?" Nikamwambia, mzee, nimeitoa Magugu, imelima mpunga tu. Akaniuliza tena, "Una hakika?" Nina hakika, mzee, mwenye trekta namjua kwa jina. Ndipo akanyoosha mkono.

Mimi siku zote nilikuwa nikiuliza chuma habari ya sumu. Mzee yule alikiuliza habari ya makaburi. Tangu siku hiyo kila diski ninayonunua naiandika chokaa mgongoni: imetoka wapi, kwa nani, mwezi gani. Mke wangu anasema nimeifanya karakana masjala.

Haya, sasa nije kwenye lile ambalo mwalimu hataki niliseme.

Alikuja kwangu mtu mmoja na pipa la chuma, la lita 200, zuri, halina hata kutu. Anataka nilipasue katikati nimtengenezee majiko mawili ya nyama choma, ana baa mpya anafungua. Nikauliza, pipa lilikuwa na nini? "Mafuta." Mafuta gani? "Mafuta tu, fundi." Nikafungua kifuniko. Ndugu zangu, nilikulia kwenye pamba upande wa ujombani, ile harufu siisahau. Ilikuwa dawa ya pamba. Nikamwambia, kaka, hili pipa halipikiwi. Akasema tutalichoma moto kwanza, dawa itaisha. Nikamwambia, ukilichoma utaivuta wewe, na itakayobaki watakula wateja wako. Alikasirika, akalibeba. Sijui alilipeleka kwa nani. Labda alikwenda kwa kijana kama wewe, anayeanza maisha, anayehitaji hela ya pango.

Ndiyo maana naongea na wewe.

Pipa la dawa ya mimea, pipa la dawa ya mifugo, bomba la kunyunyizia, tangi la mbolea ya maji: hivyo havipikii chakula. Hata kikaoshwa kwa sabuni ya kilo tano. Kitoboe, kipige nyundo, kiuze kikayeyushwe. Na hata pipa lisilo na dawa lina hila zake. Pipa tupu la petroli ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ukikutana na cheche za gerenda, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma, unalipua pipa na wewe uliyelipanda. Lijaze maji kwanza, acha nafasi ndogo tu pale unapokata.

Nani hapa ameshawahi kuchomelea bomba la maji, yale ya kijivu yanayong'aa? Mikono juu. Jioni yake ulijisikiaje? Naona mnacheka, mnajua. Baridi, mifupa inauma, mdomo una ladha ya sarafu, unadhani malaria. Ile ni zinki. Bomba lile na mabati na minyororo mingi imepakwa zinki isile kutu, na zinki ikipata moto wa kuchomelea inatoka kama moshi mweupe unaingia kifuani. Na najua mtasema nini: "Fundi, tunakunywa maziwa." Kunyweni, maziwa ni chakula kizuri. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili, hazikutani. Kwa hiyo wavu wa kuchomea nyama usitengenezwe kwa waya wa zinki, na mkono wa karai usiwe bomba la maji.

Na rangi. Mashine za zamani zilipakwa rangi zenye risasi. Si risasi ya bunduki, ni ile ya kwenye betri. Risasi haina harufu, haina ladha, haimuumizi mtu tumbo siku hiyo hiyo. Inakaa mwilini, na kwa mtoto inakula akili polepole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mnajua zile sufuria nzito za alumini zinazomiminwa mitaani kutokana na vipande vya injini, rejeta na kila kitu kilichoyeyuka? Watafiti wamezipima katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, wakakuta nyingi zinatoa risasi kwenye chakula. Wamiminaji wale ni wenzetu, wana ujuzi wa ajabu, siwasemi vibaya. Wanachomimina ndani ya kalibu hawakijui. Chuma kikishayeyushwa pamoja na vingine mia, utakiuliza nini? Kimesahau.

Hapo ndipo uzuri wa diski. Diski haijayeyushwa tena. Ni kitu kimoja kutoka kiwandani mpaka leo: chuma na kaboni, na vionjo vichache vya kuifanya iwe ngumu. Rangi yake ya ndani imekwisha yote shambani, na iliyobaki mgongoni unaiona kwa macho, unaitoa kwa brashi ya waya ukiwa nje, upepo ukiwa nyuma yako, umevaa barakoa. Unaijua ilikotoka.

Je, basi ni kazi rahisi? Sikilizeni aibu yangu.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika ufundi. Rafiki yangu anaoa kule Katesh, nikajitapa: karai ya arusi ni juu yangu. Nikapata diski ya haro, lile la kuvunja mabonge ya udongo baada ya plau. Mnajua diski ya haro ina tundu la pembe nne katikati, ndimo unamopita mhimili. Nikakata kipande cha bati nene, nikaliziba lile tundu kwa fimbo za kuchomelea za kawaida, asubuhi na mapema, upepo wa Mlima Hanang unavuma. Nilikuwa na haraka. Nikaichukua ikiwa nyekundu nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chwaaa! Vijana waliokuwepo wakashangilia. Mimi nikasikia sauti nyingine, ndogo sana. Tik. Kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Niliisikia. Nikajifanya sikuisikia.

Siku ya arusi mafuta yamechemka, nyama ya mbuzi wawili imo, akina mama wanaimba. Ufa mwembamba kama unywele ukafunguka pembeni ya kile kiraka. Mafuta yakadondoka kwenye moto. Tone moja, matone matatu, halafu moto ukapanda kama mtu ameitwa jina lake. Hakuna aliyeumia, nashukuru Mungu. Mbuzi wakaliwa na majivu. Nyusi zangu zilirudi baada ya mwezi mzima, na mpaka leo katika ukoo ule wananiita Bwana Arusi wa Pili, maana picha zote nimetoka mweusi.

Kwa nini ilipasuka? Hapa, wahitimu, toeni kalamu. Chuma cha dirisha na mlango ni laini, kina kaboni kidogo, kinakusamehe. Diski ina kaboni nyingi, ndiyo maana inakata udongo miaka. Ukiipa moto wa kuchomelea halafu ikapoa ghafla, lile eneo pembeni ya mshono linakuwa gumu kama kioo. Na kioo hakipindi.

Utajuaje umeshika chuma cha namna gani? Kiulize kwa gerenda. Gusisha jiwe kidogo tu. Chuma laini kinatoa cheche ndefu, zimenyooka kama nywele. Chuma chenye kaboni kinatoa cheche fupi zinazopasuka mwishoni, vinyota vingi. Fanyeni kwenye giza la karakana muone, ni kama fataki za Mwaka Mpya.

Sasa, kuunga. Iwashe moto wa mkaa chini yake kwanza, taratibu, mpaka ukidondosha tone la maji halichemki bali linakimbia juu ya chuma kama gololi. Tumia fimbo za 7018, na ziwe kavu, si zile zilizolala kwenye banda linalovuja. Kiraka kikae upande wa chini. Choma kidogo upande huu, kidogo upande ule, usimalize upande mmoja kwa pupa. Ukimaliza, usiiguse na maji. Izike kwenye majivu makavu au chokaa kavu, nenda nyumbani, kula, lala. Kesho yake ifukue. Ikiwa bado ina uvuguvugu, umefanya kazi nzuri.

Ukingo usage mpaka mtoto aweze kuupitishia mkono. Ndani pale kwenye mshono pasage mpaka kidole kisijue kilipopita, maana kila kitundu ni nyumba ya uchafu wa jana. Mikono mimi naweka pete za mnyororo wa plau la ng'ombe, hizo nyeusi zisizo na zinki. Miguu ni nondo tatu. Tatu, si nne. Mafiga ni matatu, na wazee hawakukosea: miguu mitatu haiyumbi hata kwenye jiwe.

Bado hujapika. Sasa kuna kuilisha. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, mara hii tu. Iweke motoni ikauke kabisa. Kisha mafuta ya alizeti. Hapa tumebarikiwa, Singida iko jirani. Yapake kwa kitambaa, kidogo, halafu yafute kana kwamba umekosea kuyapaka. Acha moto uyachome mpaka moshi uishe. Rudia. Rudia tena. Mara tano, sita, mpaka ile fedha iliyong'arishwa na udongo igeuke nyeusi kama ngozi ya kiboko na yai liteleze lenyewe. Baada ya hapo ni kufuta na kupaka mafuta. Atakayeisugua kwa steliwaya na sabuni kila siku anaivua nguo. Na mchuzi wa nyanya au ndimu usiulaze humo. Pika, pakua, futa.

Wazazi mnaniangalia kama mtu aliyejibunia jambo peke yake. Hapana. Kaskazini ya Meksiko, kule Chihuahua, Durango, Coahuila, chakula cha diski kina jina lake, discada. Wanaanza na nyama yenye mafuta, ikitoa mafuta yake wanafuatisha nyama kavu, vitunguu, pilipili hoho, nyanya mwishoni, yote katika diski moja na watu wamesimama kuizunguka. Argentina wana disco de arado, maana yake diski ya plau tu, na kuku wa diski ni chakula cha Jumapili. Afrika ya Kusini wanaita skottel, kwa jina la lile jembe la duara la plau. Watu hawa hawakuandikiana barua. Kila mahali palipokuwa na plau ya diski, mkulima mwenye njaa aliitazama akaona karai.

Na ni karai kweli, tena imezidi karai. Ile ya chipsi mnayoijua ni bati jembamba: inawaka upesi, inapoa upesi, viazi vikiingia mafuta yanazimika. Hii ina unene wa milimita tano, sita. Ikishashika moto haiuachii. Na kwa umbo lake katikati ni jehanamu na ukingoni ni kivulini. Nyama inaungua? Isukume pembeni. Chapati? Igeuze kifudifudi, mgongo juu. Ni kifaa kimoja chenye majiko matatu.

Lakini kuna jambo kule kwao limenifanya nifikiri. Siku hizi viwanda vinatengeneza diski za kupikia ambazo hazijawahi kuona udongo. Zina jiko la gesi chini yake, zinauzwa madukani, watu wanapeleka pikiniki. Sina ugomvi nazo. Ila kilichokuwa mabaki ya mkulima kimekuwa bidhaa, na aliyeibuni hapati senti. Kenya hapo, mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji walichukua jiko la udongo lililovikwa bati, tangu miaka ya 80, wakaligonga wenyewe kwa bati la chakavu, chini ya jua kali, mpaka likaenea nyumba nyingi. Kazi ilibaki mikononi mwao. Wahunzi wa Kidatoga kule Ziwa Eyasi, si mbali na hapa, wanafua vichwa vya mishale kwa misumari na bangili kwa kufuli kuukuu, kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na Wahadzabe wananunua kwao. Kazi iko mikononi mwao. Yenu itakuwa wapi?

Nawaambia na hili, kisha nimalize, maana naona mtu pale nje anapunga mkono. Mkianza kununua diski, watoto watawaletea diski. Mwaka juzi kijana kaniletea tatu asubuhi, zimefungwa kwenye pikipiki. Nikazipima: inchi 26, 26, 26. Ukingo mzima. Boliti zake zina grisi mbichi. Nikamuuliza, zimetoka wapi? "Chakavu, fundi." Nikamwambia, mwanangu, chakavu haina grisi ya jana. Hii plau mwenyewe anaitafuta sasa hivi, na msimu ni wiki ijayo. Akawasha pikipiki. Nikazishikilia zile diski, na kabla ya adhuhuri mwenyewe kafika, jirani yangu wa nyumba ya nne, anatetemeka. Diski mpya haiji yenyewe kwenye chakavu. Mkinunua mara moja, mtaa mzima hautalima.

Ndiyo, nakuja! Mnasikia anavyopiga kelele? Anasema vitunguu vimeshakuwa rangi. Ile ya nje imelima Magugu, misimu tisa, mwenye trekta ni yule baba mwenye kofia pale nyuma, muulizeni mwenyewe. Mbuzi ni mmoja tu, nasi tuko wengi, kwa hiyo wahitimu kwanza, wazazi wafuate, na wasemaji wa mwisho. Ukifika pale usishike ukingo kwa mkono mtupu hata kama nimesema ni kivulini. Na mzee wangu hapo mbele, shikilia hii niliyoitoa kwenye gunia. Bado haijazibwa tundu. Nitaichukua tukishakula.